Masurufu ya Msafiri na Haki ya Aliyesahau



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo. Ni habari ya mswaki, sabuni, kitana, kopo la kutawadhia na vitu vingine vya namna hiyo, ambavyo msafiri huvisahau nyumbani, kisha akavikumbuka akiwa katikati ya maji. Nasema mtaliona dogo kwani hata mimi nililiona hivyo, mpaka siku liliponifedhehesha mbele ya watoto ninaowasomesha.

Sisi watu wa Sengerema ni watu wa kuvuka. Tangu enzi za wazee wetu, aendaye Mwanza mjini aghalabu hukutana na ziwa, ama kwa njia ya Kamanga, ama kwa njia ya Busisi. Pale Busisi, zama za vivuko, magari yalikuwa yakijipanga mstari kungoja zamu, na mstari ule ulikuwa soko. Wachuuzi walipita madirishani na karanga, samaki wa kukaanga, maji, sabuni na leso. Aliyesahau kitu nyumbani alikuwa amepewa nafasi ya pili. Tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, gari hupita kwa dakika chache tu. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo, lakini nafasi ya pili imekwisha. Na kwa yule apandaye meli ya usiku, nafasi hiyo haikuwapo tangu zamani. Meli ikishang'oa nanga, msafiri anacho alichokichukua, na asichokichukua hana.

Sasa nisikilizeni kisa changu. Mwaka 2022, katika likizo ya shule ya mwezi Juni, niliwachukua wanafunzi wa madrasa yetu kwenda kuwatembelea wenzao wa Bukoba. Walikuwa kumi na tisa, wavulana kumi na wawili na wasichana saba. Mwalimu wetu wa kike, ambaye ndiye angalifuatana na wasichana, alipata udhuru asubuhi ya safari, nami kwa haraka nikasema tutakwenda hivyo hivyo. Nilihesabu nauli, nikahesabu misahafu, nikahesabu kofia na mitandio. Mikoba ya watoto sikuitazama.

Tulipanda meli Mwanza usiku. Taa za mji hazijatoweka, mvulana mmoja akanijia akasema, "Ustadhi, nimesahau mswaki na sabuni." Mara wakajitokeza wengine wanne wenye neno lile lile. Pale palipouzwa vinywaji tulikuta soda, maji na biskuti tu. Abiria mmoja, mchuuzi, alipotusikia alifungua begi lake. Alikuwa na sabuni, miswaki na dawa ya meno alizokuwa akizipeleka dukani kwake. Sabuni ambayo mjini niliijua kwa shilingi 1,000, yeye aliitaja kwa shilingi 2,500. Nilipomwomba apunguze alicheka, akasema, "Shehe, duka jingine liko Bukoba." Nikalipa, maana sikuwa na la kufanya.

Ilipofika Alfajiri, tulipojipanga kusali, msichana mmoja wa miaka kumi na minne hakuinuka. Alikuwa ameketi pembeni, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na tangu usiku hakula kitu wala hakuondoka mahali pake. Mimi, ambaye nimesomesha mlango wa tohara kwa miaka zaidi ya ishirini, nilidhani ni uvivu. Nikamkemea mbele ya wenzake na mbele ya abiria, nikamwambia kuwa mtoto aliyekwisha hifadhi juzuu ya Amma hangojei kuvutwa mkono kwenda kusali. Aliinamisha kichwa akalia, wala hakunijibu neno.

Baada ya sala, mama mmoja mtu mzima, mfanyabiashara wa dagaa, aliniita kando. Akasema kwa sauti ya chini, "Ustadhi, usinione sina adabu. Mtoto yule hana kosa. Mambo ya wanawake yamemkuta safarini, naye hana cha kujisitiri. Ameona haya kuwaambia ninyi wanaume. Nimekwisha mpa kanga yangu moja na taulo za kike nilizokuwa nimemnunulia binti yangu." Nikashika mfuko nimlipe. Akanizuia mkono, akasema, "Hili haliuzwi, Ustadhi. Lakini wakati mwingine, kabla ya kupanda chombo, waulize watoto wana nini mkobani. Na kama huwezi kuwauliza wewe, mtafute mama wa kuwauliza."

Nilirudi kwa wanafunzi, nikawaambia wote kwamba nimemkemea mwenzao bila ya haki, kwamba alikuwa na udhuru wa kweli, na kwamba namwomba radhi. Sikueleza zaidi ya hapo. Leo nalisimulia kwa ridhaa yake na ya wazazi wake, maadamu simtaji.

Ndugu zangu, katika usiku ule mmoja, ndani ya chombo kimoja, niliwaona watu wawili waliokuwa na kitu alichokihitaji mwenzao. Mmoja aliufanya usahaulifu wetu kuwa mtaji wake, na mwingine aliufanya kuwa sadaka yake. Wala mimi sikuwa bora kuliko yule mchuuzi, kwani yeye alipunguza fedha zangu, nami nilimpunguzia mtoto heshima yake.

Watoto wetu huihifadhi mapema Sura ya 107, Al-Maun, kwa sababu ni fupi, aya zake ni saba. Mwisho wake Mwenyezi Mungu anawalaumu watu wanaoghafilika na sala zao, wanaofanya mambo ili waonekane, kisha wakazuia "maun". Baadhi ya wafasiri wamesema maana yake ni zaka. Wengine, akiwamo sahaba Abdallah bin Masud, wameeleza kuwa ni vile vyombo ambavyo watu huazimana katika maisha ya kila siku, kama ndoo na chungu. Tazameni basi jinsi kitu kidogo cha nyumbani kilivyotajwa pamoja na sala katika sura moja. Nimeisomesha sura hiyo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, lakini maana yake nilionyeshwa na mama muuza dagaa, juu ya maji, siku ambayo mimi nilikuwa nimesimama mbele kama imamu.

Wako watakaosema kuwa kujishughulisha mno na mizigo ni uchache wa tawakali. Hawa wakumbuke aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kutukumbusha kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakisema wao ni wenye kumtegemea Mungu, na wakifika Makka huanza kuwaomba watu. Ndipo aya hiyo ikateremka. Asiyejiandaa hajamtegemea Mungu kwa jambo hilo. Amewategemea abiria wenzake, nao hawakushauriwa.

Ama kwa upande wa muuzaji, hapana budi tuseme kwa uadilifu. Bidhaa iuzwayo chomboni au kisiwani haiwezi kuwa na bei ya mjini siku zote. Imelipiwa nauli na ushuru, nyingine hulowa, nyingine huvunjika, na mwenye nayo ana watoto wa kulisha. Sheria haikuweka mpaka mmoja wa faida kwa kila biashara. Imepokewa kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimtaka Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye hakukubali. Lakini yeye huyo huyo alikataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara na kununua bidhaa kabla wenye nazo hawajafika sokoni, kwa sababu mgeni wa njiani haijui bei, na ni rahisi kupunjika. Na amemwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake.

Jambo hili latuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki kuliko tunavyodhani. Meli kubwa za watalii hutia nanga Zanzibar na Mombasa, na ndani yake yamo maduka yauzayo dawa ya meno, mafuta ya kukinga jua na vidonge vya maumivu ya kichwa, aghalabu kwa bei kubwa kuliko ya mjini. Meli ikiwa bandarini, maduka hayo kwa kawaida hufungwa, kwa sababu ya taratibu za ushuru. Basi mtalii aliyesahau mswaki wake hushuka Unguja, akaenda Darajani au duka lolote la karibu, naye haijui bei wala lugha. Kijana wa Kiislamu aliye nyuma ya meza ya duka lile amepewa mtihani kama ule wa mchuuzi wa meli yetu. Akimtajia mgeni bei ile ile amtajiayo jirani yake, amefanya da'wa kubwa bila kupanda mimbari.

Sasa niwape nasaha chache za nyumbani, kwani lawama peke yake haimfungii mtu mkoba.

Kwanza, mkoba ufungwe usiku wa kuamkia safari, wala usifungwe asubuhi wakati gari linapiga honi. Katika kila nyumba kiwepo kifuko kidogo kisichofunguliwa ila kwa safari, chenye mswaki, dawa ya meno, sabuni ndani ya kikopo chake, kitana, wembe, sindano na uzi, na tochi. Arudipo msafiri, akijaze tena kabla hajakitundika.

Pili, chukueni kopo la kutawadhia. Msafiri wa ziwani amezungukwa na maji, lakini asiye na kopo hupata taabu. Wala mtoto asiachwe hata mara moja kuinama ukingoni mwa chombo ili ateke maji.

Tatu, kwa wale walioazimia Hija au Umra, chukueni sabuni isiyo na manukato, kwa kuwa manukato ni haramu kwa aliyekwisha hirimia. Anayetegemea kununua njiani huenda akakuta za manukato tu. Na katika viwanja vingi vya ndege, chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 hairuhusiwi kuingia katika mzigo wa mkononi. Basi itieni katika mzigo mkubwa.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, kina mama wawaulize binti zao, na kina baba wahakikishe kuwa fedha ya haja hiyo imetolewa bila ya kuombwa mara mbili. Binti aliyekaribia kubaleghe na asafiri akiwa na taulo zake mkobani, hata kama siku zake haziko karibu, kwani safari hubadili mambo. Na kila kiongozi wa msafara, awe wa madrasa au wa shule, asiondoke na wasichana pasipo mwanamke mtu mzima. Akipata udhuru mmoja, atafutwe mwingine, na asipopatikana, safari iahirishwe.

Tano, kiongozi awe na mkoba wa akiba kwa ajili ya watakaosahau, kwani kati ya watoto ishirini hawakosi. Sisi sasa twachukua vipande vya sabuni, miswaki mipya kadhaa, kanga mbili, paketi za taulo za kike, dawa za maumivu na zile chumvi za kuchanganya na maji kwa mwenye kuharisha. Vyote hununuliwa mjini mapema, kwa bei ya mjini, na gharama yake ikigawanywa kwa wazazi wote haimlemei mtu. Mkoba wa wasichana hukaa kwa mwalimu wa kike, na huchukuliwa bila ya kuulizwa maswali.

Msichana niliyemkemea amekwisha kuwa mkubwa. Tukiwa na ziara, yeye humsaidia mwalimu wa kike kukaa na wasichana wadogo faraghani, jioni kabla ya safari, na kufungua mikoba yao mmoja mmoja. Mimi hubaki nje na wavulana, nikiwauliza habari ya miswaki. Wakimaliza huja mlangoni akaniambia, "Tayari, Ustadhi," nami huwa sina haja ya kuuliza zaidi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, na atujaalie tuwe miongoni mwa wasiozuia vitu vidogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.