Kifo Bila Matanga

Wanaozitetea filamu za mapenzi zilizokuwa zikiuzwa Kariakoo, sehemu ya kwanza na ya pili, husema zimewafunza watu kulia. Hasha! Mume hufa hospitalini, wimbo hupigwa, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mjane keshavaa nguo za kung'ara, anaposwa. Iko wapi eda ya miezi 4 na siku 10? Uko wapi mkeka wa matanga, na jirani aletaye uji? Mji wenyewe unajua kuomboleza: Aprili 2012 watu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga Steven Kanumba, mwigizaji aliyefariki akiwa na miaka 28, wengine wakazimia. Kilio cha namna ile filamu hizo, zake zikiwemo, hazikukipa hata robo saa.