Tahadhari: Ghorofa Lisiupe Mtaa Kisogo

Wenye viwanja, wachora ramani na wakazi wa Dar es Salaam, chukueni hadhari kabla nguzo hazijasimama. Upanga, Ilala na Magomeni nyumba za zamani zinabomolewa kupisha maghorofa, na baadhi yanakuja na kasoro ileile: chini maegesho ya magari, mbele ukuta mtupu, geti la chuma na jenereta linalowapulizia moshi wapita njia.

Ukuta hauna muuza duka wa kumwona mtoto akivuka barabara, wala taa ya kumulika njia saa mbili usiku. Watu wanaanza kukwepa kupita hapo, vibaka wanapata mwanya, na mkazi analazimika kuwasha gari kufuata mkate. Ghorofa moja la namna hiyo mtaa utalivumilia. Yakipangana matatu, mtaa umekwisha.

Njia bora tunaijua. Kariakoo ya zamani, nyumba ya Kiswahili ilikuwa na kibaraza kinachotazama njia. Katikati ya jiji, Mtaa wa Samora na wa Indira Gandhi, majengo ya zamani yaliyobaki yana maduka chini na familia juu, roshani zikielekea barabarani. Jane Jacobs, akiandika mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani, alisisitiza jambo hilohilo: njia hulindwa na macho ya wenye maduka na wakazi wake.

Kosa la kuweka maegesho chini halirekebishiki kirahisi. Sehemu ya magari huchorwa ikiwa na dari fupi, sakafu ya mteremko na nguzo zinazofuata mizunguko ya magari. Kesho ukitaka fremu za biashara, utalazimika kuvunja.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, hakikisha fremu ndogondogo zinatazama barabara, kimo chake kinakaribia mita 4, na sakafu inalingana na njia ya waenda kwa miguu. Magari yaingilie nyuma. Wakazi wa juu wapate mlango na ngazi zao. Takataka na moshi wa mgahawa vitengewe njia yake. Mbele pabaki kivuli, na nafasi ya mama lishe.

Nawe jirani, ukisikia kiwanja cha mtaani kwenu kinabadilishwa matumizi, usingoje mafundi waanze kuchimba. Nenda serikali ya mtaa, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uombe kuona mchoro wa ghorofa ya chini kwanza. Kufuta mstari kwenye karatasi ni kazi ya siku moja. Zege likishamwagwa, wajukuu zako ndio watakaoishi nalo.