Uhuru Haukuwa Hisani ya Chama cha Labour

Juma lililopita, nikivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja Mwanza, nilimsikia kijana wa kidato cha nne akikariri kwa sauti, huku kidole chake kikifuata mistari ya notisi zilizorudufiwa hata wino ukafifia, sababu za Tanganyika kupata uhuru. Na sababu yake ya kwanza ilikuwa kwamba Chama cha Labour kilishika serikali ya Uingereza mwaka 1945, nacho kwa huruma yake kikatuachilia. Ghadhabu ilinipanda, maana itikadi hii batili imejaa madarasani.

Serikali ya Labour ya Clement Attlee iliondoka madarakani Oktoba 1951, ilhali TANU, chama kilichodai uhuru wetu, kilizaliwa Julai 7, 1954, na bendera yetu ikapandishwa Desemba 9, 1961, waziri mkuu wa Uingereza akiwa Harold Macmillan wa chama cha Wahafidhina. Basi aliyekwisha kuhama nyumba miaka 10 nyuma atamfunguliaje mgeni mlango? Labour walipokuwa na mamlaka, walichotuletea ni mradi wa karanga wa Kongwa, uliokula mamilioni ya pauni ukafutwa 1951.

Nilipomlalamikia mwalimu mmoja, alinijibu kwamba wasahihishaji wa mitihani huitolea alama hoja hiyo ya Labour. Hiyo si hujja hata kidogo: ni sawa na mchuuzi wa soko la Mwaloni asemaye kuwa dagaa wake hawana mchanga maadamu wamenunuliwa.

Laiti kijana yule angeinua macho ayatazame maji aliyokuwa akiyavuka! Ni katika nchi hii ya Ziwa ambako wakulima wa pamba, waliochoka kupunjwa kwenye mizani, walijenga ushirika wao chini ya Paul Bomani. Ambako TANU ilipigwa marufuku mpaka 1958. Na ambako mwaka huo huo watu wa Geita, wakilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi, walikuja Mwanza kudai haki yao, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Wahafidhina hawakuondoka kwa kupenda. Walilazimishwa na watu kama hao.

Enyi walimu, mfundisheni mwanafunzi aandike kwanza tarehe, ndipo aandike sababu.