Elfu Moja ya Kosa Gani?

Jamani wasomaji, leo tuweke kando simu mpya na programu mpya. Nataka tuongee juu ya ile kadi ya plastiki iliyo mfukoni mwako. Ndiyo, kitambulisho. Na hasa kile ambacho hakimo tena mfukoni: kilichopotea, kilichoibwa ndani ya matatu, kilichoungua pamoja na nyumba.

Niseme wazi mapema tusije tukazungushana. Kumtoza Mkenya pesa na kumsotesha kwa sababu kadi yake imepotea ni uonevu. Na kwa jicho la mtu anayeandika programu, ni uonevu usio na sababu yoyote ya kiufundi.

Hebu tufikiri kidogo. Kitambulisho chako ni nini hasa? Si kadi. Ulipotimiza miaka 18, Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, ilikulazimu ujiandikishe. Ukaenda, ukapakwa wino vidoleni, ukapigwa picha, ukaandika majina ya wazazi na mahali unakotoka. Ukapewa nambari. Hiyo ndiyo rekodi yako, na serikali inayo. Kadi ni nakala tu. Kwa sisi tunaoshinda na hifadhidata, nakala ikipotea na asili ikiwepo, hakuna kilichopotea! Unatoa nyingine, basi.

Wauza simu walilielewa jambo hili zamani. Ukipoteza laini leo, unakwenda kwa wakala, unarudishiwa namba ileile, na pesa zako za M-Pesa unazikuta kama ulivyoziacha. Kwa nini? Kwa sababu namba yako haikai ndani ya kile kijikadi. Inakaa kwenye mitambo ya kampuni. Mama mboga anaelewa hivyo. Serikali je?

Kwa miaka mingi njia ya kupata kitambulisho kingine imekuwa hii: nenda polisi uchukue abstrakti, nenda ofisi ya usajili, jaza fomu, pigwa alama za vidole upya, lipa, pewa karatasi ya kusubiri, kisha subiri kadi ichapishwe Nairobi na irudishwe ulikoombea. Yaani mtu ambaye serikali inamjua tayari anaanza safari kama vile amezaliwa jana.

Halafu kuna ada. Zamani ilikuwa shilingi 100. Novemba 2023 ikatangazwa kuwa itakuwa 2,000. Watu wakapiga kelele, kesi zikafika mahakamani, na mwaka 2024 ikapangwa kuwa 1,000. Tukaambiwa tushukuru kwamba imepunguzwa. Tushukuru nini? Kutoka 100 hadi 1,000 ni mara kumi!

Sasa njoo nami hadi Burnt Forest, hapa kwenye barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru. Mji wenyewe ni mdogo: viazi, mahindi, maziwa na baridi. Lakini watu wa hapa wanajua kupoteza kitambulisho ni nini. Nyumba zilichomwa katika ghasia za 1992. Zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walikimbia na nguo walizovaa. Cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, kitambulisho, vyote vilibaki ndani ya moto. Wengi walijikuta kambini Eldoret, kwenye uwanja wa maonyesho, wakiwa hawana hata karatasi moja ya kuthibitisha majina yao.

Mwambie mtu kama huyo kwamba ada ni ya kuwafundisha wazembe kutunza vitu. Mwambie machoni.

Na si moto wa siasa pekee. Jiko likiangusha cheche kwenye nyumba ya mbao usiku, mambo ni yaleyale. Hapo ndipo utakutana na kitu ambacho sisi waandishi wa programu tunakiogopa sana: mkwamo, pale kila upande unamsubiri mwenzake. Simu imeungua na kitambulisho kimeungua. Ili urudishiwe laini, unaulizwa kitambulisho. Ili ulipie kitambulisho, malipo ya serikali yanapitia eCitizen, namba 222222, kwa M-Pesa iliyo kwenye laini ileile uliyoungulia! Basi unamtafuta jirani akulipie. Programu ikikwama hivi, aliyeiandika anaitwa airekebishe. Mfumo wa serikali ukikwama hivi, anayelaumiwa ni mwananchi.

Najua kuna watakaosema, "Ukirahisisha, matapeli watachukua vitambulisho vya wengine." Hoja hii ina uzito, lakini jibu lake ni vidole. Serikali ina mfumo wa kompyuta wa kulinganisha alama za vidole. Mtu aweke kidole, mfumo umlinganishe na rekodi ya nambari anayodai ni yake. Zikilingana, ni yeye. Zisipolingana, hapo ndipo umwite polisi. Abstrakti haithibitishi kwamba wewe ni wewe. Inathibitisha tu kwamba ulifika kituoni ukasema kitu kimepotea.

Wengine watasema plastiki ina gharama. Sawa. Lakini ni serikali hiihii iliyoandikisha mamilioni ya watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, kwa mabilioni ya shilingi, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi zake ulikiuka sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa. Mwishoni mwa 2023 tukaletewa Maisha Namba, na kadi yenye chipu. Pesa za majaribio hupatikana. Za aliyeunguliwa hazipatikani.

Wazee bado wanakiita kitambulisho "kipande". Jina hilo lina historia. Kuanzia 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande ndani ya kikebe cha chuma shingoni, kikionyesha anamfanyia kazi nani. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 baada ya kukipinga pamoja na kodi, na watu waliokwenda kudai aachiliwe walipigwa risasi Nairobi. Chini ya mkoloni, mtu alikuwa mali ya karatasi. Baada ya uhuru ilitakiwa karatasi iwe mali ya mtu. Nikitazama foleni za ofisi za usajili sioni kama tumefika.

Ninachodai ni vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo:

1. Kidole na nambari vitoshe. Hakuna fomu ya kuanza upya.
2. Aliyepoteza kwa moto, mafuriko au ghasia asilipe hata senti.
3. Apewe siku hiyohiyo karatasi yenye msimbo ambao benki na wakala wa simu wanaweza kuuhakiki, ili maisha yaendelee.
4. Kadi zichapishwe pia Eldoret, Kisumu na Mombasa, si Nairobi peke yake.

Bila kitambulisho wengi hawawezi kupiga kura, kufungua akaunti wala kusajili laini. Ni kama hupo. Na wewe upo, rekodi yako ipo, vidole vyako vipo. Basi hiyo elfu moja ni ya kosa gani?

Mwenye jibu alilete hapa chini. Nitalisoma.