Swali la Ujauzito Liulizwe Kliniki ya Kisukari

Mwanamke mwenye kisukari cha aina ya kwanza anapofika kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza, madhara makubwa ambayo sukari ingeweza kumfanyia mtoto huwa yamekwisha kutokea au yamekwisha kuepukwa. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huumbwa katika wiki 8 za mwanzo, wakati ambapo mama ndiyo kwanza anahesabu siku zake na kuona kwamba zimepita. Wengi wa kina mama wetu huhudhuria kliniki baada ya mwezi wa tatu. Mkunga atakayempokea, hata awe hodari namna gani, hawezi kurudi nyuma na kuzisimamia wiki hizo. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba swali la ujauzito si la kliniki ya wajawazito. Ni la kliniki ya kisukari, na liulizwe walau kila mwaka kwa kila msichana na kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa: je, unatarajia kupata mtoto mwaka huu?

Jibu lolote lina kazi yake. Akisema hapana, apewe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa, palepale, bila kutumwa dirisha jingine. Akisema ndiyo, kuna mambo ambayo hayahitaji mtambo wala bingwa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kinatakiwa kishuke chini ya asilimia 6.5 iwapo hilo linawezekana bila kumwangusha mara kwa mara kwa sukari kushuka. Kikiwa juu ya asilimia 10, ashauriwe kusubiri huku akisaidiwa kukishusha. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, daftari lake la sukari ya kila siku linasema mengi kwa anayejua kulisoma. Dawa za presha kama enalaprili na losartani zibadilishwe, na atorvastatini isitishwe, kwa kuwa si dawa za mjamzito. Macho yapimwe, maana ujauzito unaweza kuiharakishia madhara mishipa midogo ya retina. Na apewe asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Vidonge vya fefo tunavyogawa kliniki vina miligramu 0.4 tu. Kidonge cha miligramu 5 si kigeni kwetu; ndicho wanachotumia wagonjwa wa selimundu, na mara nyingi kipo kwenye rafu ya famasi ileile.

Kwa nini basi swali haliulizwi? Sababu moja ni kwamba kliniki zetu nyingi za kisukari zimezoea wazee wenye kisukari cha aina ya pili, ambao mazungumzo yao ni miguu, macho na figo. Nyingine ni haya. Binti aliyeletwa kliniki na mama yake akiwa na miaka tisa bado anaitwa "mwanangu" akiwa na miaka ishirini na miwili, na muuguzi aliyemfundisha kujichoma sindano anaona vigumu kumzungumzia mambo ya unyumba, hasa kama hajaolewa. Ninaielewa heshima hiyo, lakini mimba haisubiri ndoa, na kunyamaza kwetu hakujamzuia mtu yeyote.

Kuna jambo baya zaidi ya kunyamaza, nalo ni kumwambia mwanamke kwamba kwa ugonjwa wake asizae kabisa. Neno hilo lilikuwa na msingi zamani, kabla ya insulini kutumika kwa binadamu mwaka 1922 huko Toronto, wakati wanawake wachache wenye ugonjwa huu waliobahatika kushika mimba walikuwa hatarini kufa wao na watoto wao. Leo halina msingi kwa walio wengi. Na lina hasara nyingine: aliyekatazwa akishika mimba huificha, na huja kwetu wakati tumbo limekwisha kujitangaza lenyewe.

Baada ya mimba kuingia, linalowashinda wengi, wagonjwa na watumishi wa afya pia, ni kwamba dozi ya insulini haitulii. Mgonjwa aliyezoea vipimo vilevile kwa miaka anajikuta yumo safarini. Mwishoni mwa miezi mitatu ya mwanzo mahitaji ya insulini mara nyingi hupungua, na hapo ndipo sukari hushuka ghafla, aghalabu usiku. Isitoshe, dalili alizozizoea, yaani kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio, huweza kufifia, asijue kwamba anazama. Mume, mama mkwe au dada anayelala nyumba moja naye afundishwe mapema: vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu asitiliwe kitu chochote kinywani; alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Kisha mkondo hugeuka. Kuanzia karibu wiki ya 16, homoni za kondo la nyuma huanza kuipinga insulini, na dozi hupanda wiki hadi wiki mpaka kufikia mara mbili, hata mara tatu, ya ile ya awali. Mama huogopa. Hudhani ugonjwa umezidi, au kwamba amekula vibaya, na majirani hawakosi la kusema kuhusu ugali wake. Aelezwe mapema kwamba kupanda huko ni dalili ya kondo linalofanya kazi. Kinachopaswa kututia wasiwasi ni kinyume chake: dozi ikipungua ghafla katika wiki za mwisho bila sababu ya wazi, mama na mtoto wachunguzwe siku hiyohiyo.

Hatari ninayoiona ikidharauliwa kuliko zote ni kutapika. Mjamzito akitapika anaambiwa ni mimba, au malaria, na yeye mwenyewe huacha insulini kwa hoja inayoonekana ya busara: sijala, nichome ya nini? Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe hata tone la kumtosha. Akiikosa kwa saa chache, mwili huunguza mafuta, ketoni hujaa na damu hugeuka asidi. Katika ujauzito hayo huja upesi, na huweza kuja sukari ikiwa haijapanda sana, kiasi kwamba kipimo cha 11 au 12 humpumbaza daktari aliyezoea kuona 25. Mtoto anaweza kufia tumboni kwa muda mfupi. Basi dozi ipunguzwe kwa ushauri kama hali inataka, lakini insulini isiachwe kabisa. Na kila mjamzito mwenye ugonjwa huu anayetapika apimwe ketoni. Vijiti vingi vya mkojo ambavyo kliniki hutumia kutafuta protini vina kisanduku cha ketoni pia. Kisomwe!

Yote haya husimama juu ya kitu kimoja kidogo, kijiti cha kupimia sukari. Malengo ya ujauzito ni makali: chini ya 5.3 kabla ya kifungua kinywa, chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo, na wakati huohuo isishuke chini ya 4. Hakuna anayeweza kupita katika njia nyembamba namna hiyo akiwa gizani. Kupima kabla na baada ya kila mlo na wakati wa kulala ni mara 7 kwa siku. Kwa ujauzito mzima ni takriban vijiti 2,000. Nchi zenye uwezo zimekwisha songa mbele: utafiti wa CONCEPTT uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wajawazito waliovaa kifaa kinachopima sukari mfululizo walipata watoto wakubwa kupita kiasi wachache zaidi, na watoto wachache zaidi waliohitaji uangalizi maalumu. Mimi sidai kifaa hicho kwa kila wilaya kesho asubuhi. Nadai vijiti. Sera yetu ya afya inasema huduma za mjamzito katika vituo vya umma ni bila malipo, lakini mama huyu hununua macho yake mwenyewe dukani, pakiti baada ya pakiti, na fedha zikiisha hupima mara moja kwa siku na kukisia dozi zilizobaki. Kumpa insulini bila vijiti ni kumpa gari lisilo na taa usiku. Waganga wafawidhi wanaoandaa maoteo ya dawa wanaweza kuviingiza katika orodha ya mahitaji ya uzazi; wagonjwa hawa si wengi katika wilaya moja kiasi cha kuangusha bajeti.

Neno la mwisho ni kwa wodi ya wazazi. Mama anayetishiwa kujifungua kabla ya wakati akichomwa deksamethasoni kwa ajili ya mapafu ya mtoto, sukari yake itapanda kwa siku kadhaa, na insulini lazima iongezwe kwa uangalizi wa karibu. Kondo likitoka, mambo hugeuka kwa saa, si kwa siku. Dozi ya wiki ya 36 ikichomwa jioni ya siku ya kujifungua inaweza kumwua mama aliyenusurika uchungu. Dozi aliyokuwa akitumia kabla ya mimba iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi yake tangu kliniki, na ipunguzwe zaidi anaponyonyesha. Mtoto anyonyeshwe ndani ya nusu saa ya kwanza, apimwe sukari katika saa zinazofuata, na mama awe na kitu cha kula kando ya kitanda kabla ya kumweka kifuani usiku.