Kubana Matumizi Si Kupunguza Gharama

Kila mwaka, katikati ya mwezi Juni, Waziri wa Fedha wa Tanzania husimama bungeni Dodoma kusoma bajeti ya Serikali, na kwa siku kadhaa taifa zima huzungumza lugha ya trilioni. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ya mwaka 2025/26 ikafikia trilioni 56.49. Mjadala huelekea kwenye kodi mpya, deni la taifa na nakisi. Katika Itifaki ya Umoja wa Fedha ya mwaka 2013, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba nakisi, misaada ikiwa imejumuishwa, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Lengo hilo ni jema. Swali lisilopewa nafasi ya kutosha ni hili: fedha zikipungua, hukatwa nini, na mzigo wake humwangukia nani?

Matukio ya mwishoni mwa mwaka 2015 yana somo. Siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifika Hospitali ya Taifa Muhimbili, wakati mashine za CT-Scan na MRI zikiwa hazifanyi kazi. Mwezi huohuo, sehemu kubwa ya michango iliyokusanywa kwa ajili ya hafla ya ufunguzi wa Bunge ilielekezwa kwenye ununuzi wa vitanda vya hospitali hiyo. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba nazo zikaahirishwa, siku ikawa ya usafi kwa sababu ya kipindupindu, na fedha zake zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu.

Hata hivyo, akiba ya namna hiyo ina mpaka. Hafla hufutwa mara moja, ilhali mashine ya uchunguzi huhitaji matengenezo kila mwaka, na kitanda kipya huhitaji mashuka, dawa na muuguzi kila siku. Mageuzi ya matumizi hupimwa kwa mambo haya yasiyopigwa picha.

Nidhamu ya kibajeti si jambo geni Tanzania. Mwaka 1996 Serikali ilianza kutumia bajeti ya fedha taslimu: kutumia kile kilichokusanywa tu. Utaratibu huo ulisaidia kurejesha uthabiti wa uchumi, lakini kila tiba ina madhara yake. Makusanyo yanapopungua, mishahara na malipo ya deni haviahirishiki kwa urahisi. Kinachoahirishwa ni fungu liitwalo Matumizi Mengineyo. Kwa mhasibu, jina hilo ni la mabaki. Kwa hospitali, ndani yake mna vitendanishi vya maabara, mafuta ya gari la wagonjwa na vipuri. Daktari wa upasuaji akilipwa mshahara wake wote huku nyuzi za kushonea hazipo, Serikali haijaokoa chochote. Imelipia huduma isiyotolewa.

Gharama hiyo haipotei, huhama tu. Mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue dawa nje. Familia huuza mbuzi au shamba. Anayekosa cha kuuza hurudi nyumbani na kungoja hali iwe mbaya zaidi. Vitabu vya Hazina huonesha mizani imesimama sawa, lakini nakisi iko mezani kwa mkulima.

Baadaye hurudi Hazina ikiwa kubwa zaidi. Shinikizo la juu la damu hudhibitiwa kwa vidonge vya bei nafuu na vipimo vinavyowezekana katika zahanati. Lisipodhibitiwa, huweza kuharibu figo, na mwenye figo zilizokufa huhitaji kusafishwa damu takribani mara tatu kwa wiki maisha yake yote, isipokuwa apandikizwe figo nyingine. Anayefuta kasma ya vidonge ili kupunguza nakisi ya mwaka huu anaandika hati ya deni la miaka ijayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hazina inaweza kujibu, kwa haki, kwamba haiwezi kutoa fedha isizokuwa nazo. Ni kweli. Lakini kwa kuwa upungufu hutarajiwa, mpangilio wa vipaumbele unapaswa kuamuliwa na Bunge mapema, si kuachiwa haraka ya robo ya mwisho ya mwaka. Dawa muhimu, chanjo na matengenezo vingepaswa kuwa vya mwisho kuguswa. Safari, semina na magari mapya, vya kwanza. Pia kila kifaa kikubwa kinaponunuliwa, gharama ya kukitunza iingizwe katika bajeti tangu siku hiyo.

Upo ushahidi kwamba mageuzi huwezekana bila kuongeza wala kupunguza shilingi. Kuanzia mwaka 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati, vituo vya afya na hospitali. Kilichobadilika ni njia, na pamoja nayo, uwezo wa kituo kupanga na wajibu wake wa kutoa hesabu. Hatua inayofuata iwe kubandika ukutani kila robo mwaka kiasi kilichoidhinishwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili limekuwa la dharura zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ya kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, bado haijatimizwa, na ni haki kuidai. Lakini asilimia iliyoandikwa kitabuni haimtibu mtu. Fedha zilizofika, kwa wakati, mahali zilipokusudiwa, ndizo zinazotibu. Wabunge watakapokaa tena Dodoma, wasiishie kuuliza bajeti imekuwa kubwa kiasi gani. Waulize pia, fungu kwa fungu, ile ya mwaka uliopita ilifika wapi.