Nani mwanasaikolojia bora? Tarakimu pekee hazitoshi

ZAMANI mwanazuoni alipimwa kwa heshima aliyopewa na wenzake. Siku hizi, katika vyuo vikuu vingi duniani, anapimwa pia kwa tarakimu, na tarakimu hizo huchangia kuamua nani apandishwe cheo, nani apewe fedha za utafiti na nani asubiri.

Katika fani ya saikolojia, mjadala kuhusu vipimo hivyo ulipata nguvu mwaka 2002, pale Steven Haggbloom na wenzake wa Marekani walipochapisha orodha ya wanasaikolojia mashuhuri zaidi wa karne ya 20. B. F. Skinner alishika nafasi ya kwanza, akifuatiwa na Jean Piaget na Sigmund Freud.

Orodha hiyo haikutegemea kigezo kimoja. Waandishi wake walihesabu mara ambazo msomi alinukuliwa katika majarida ya kitaaluma na katika vitabu vya kiada, wakauliza maoni ya wanasaikolojia wenyewe, kisha wakazingatia tuzo na nyadhifa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza njia ya mkato iliyoenea haraka. Kwa kipimo chake, kinachojulikana kwa herufi h, msomi mwenye alama 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20.

Uzuri wa kipimo hicho ni kwamba hakimbebi mtu kwa makala moja tu iliyovuma, wala kwa rundo la makala zisizosomwa na yeyote. Aidha, tarakimu haina mjomba wala shangazi, hivyo msomi asiyefahamiana na wakubwa hupata pa kujitetea.

Hata hivyo, kunukuliwa sana si sawa na kusema kweli. Mfano wa wazi ni Hans Eysenck wa Uingereza, ambaye alipofariki dunia mwaka 1997 alikuwa mwanasaikolojia aliyenukuliwa zaidi katika majarida miongoni mwa waliokuwa hai. Katika orodha ya mwaka 2002 alishika nafasi ya 13.

Mwaka 2019, uchunguzi wa King's College London, chuo kilichorithi taasisi aliyofundisha, ulihitimisha kuwa makala 26 alizoandika na mwenzake Ronald Grossarth-Maticek hazikuwa za kuaminika. Baadhi zilidai kuwa hulka ya mtu ina uhusiano mkubwa na kufa kwa saratani au maradhi ya moyo. Kwa miaka mingi hesabu za kunukuliwa hazikuonyesha kasoro hiyo, kwa kuwa hata anayenukuu ili kupinga huhesabiwa sawa na anayeunga mkono.

Tatizo hilo si la mtu mmoja. Mwaka 2015, kundi la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa katika majarida yenye hadhi, na ni takriban 36 kati ya kila 100 zilizorudia kutoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu.

Kwa Afrika Mashariki, suala hili si la mbali. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama na watoto wao katika familia 26 za vijijini karibu na Kampala, nchini Uganda. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa misingi ya nadharia ya mshikamano wa mama na mtoto, ambayo hadi leo inanukuliwa kote duniani. Sifa ilikwenda kwa mtafiti. Akina mama wale hawamo katika hesabu yoyote.

Vilevile, hazina za kumbukumbu zinazotumika kuhesabu zimejaa majarida ya Kiingereza. Msomi anayeandika kwa Kiswahili kuhusu msongo wa mawazo, ili wauguzi na walimu wamwelewe, anaweza kuwafaa watu wengi na bado akaonekana hana mchango.

Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilizitaka taasisi kuacha kumpima mtafiti kwa hadhi ya jarida na badala yake kuitazama kazi yenyewe. Huo ni ushauri mgumu, kwani kuhesabu ni kazi ya dakika chache, ilhali kusoma kunahitaji muda na ujuzi. Lakini kamati inayopandisha watu vyeo bila kusoma walichoandika itakuwa imepima umaarufu, si elimu.